Kimya cha Ukurasa wa Pili

Mpiga filimbi alipomwomba kaka yake, mtunzi wa muziki, amwandikie kipande cha muziki wa filimbi pekee kuhusu jinsi roho yake ilivyokomaa, kaka alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Roho ipi, dada? Ile iliyonirushia sahani?"

"Nimebadilika," alisema, akijizuia asimrukie.

Leo kaka alimletea kipande hicho. Dada aliziegemeza karatasi kwenye birika, akapiga palepale jikoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mkali, noti zinakimbizana kama watu wanaogombana. Kwenye wa pili, utamu ulipokolea tu, akakuta kimya kirefu, mistari isiyo na noti hata moja.

"Hapa umesahau kuandika!" alifoka. "Unaniacha nimesimama kama mlingoti?"

"Sijasahau," kaka alisema taratibu. "Hapo ndipo zamani ungenijibu. Mama alipougua nilikutolea maneno mabaya, nawe ukanyamaza, ukanishika mkono. Nilikuwa natafuta namna ya kuliandika hilo."

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Dada akalimeza, akainua filimbi, akaanza upya. Alipofika pale akanyamaza, kimya chote mpaka mwisho wake, na kaka akawa anafuta macho.