Ufunguo wa Stoo Ulipokwenda Handeni

Kabla ya alfajiri nilisikia ufunguo ukigonga msumari, ting. Mwantumu, mke wa mwanangu, alikuwa anautungua aingie stoo kuchota unga. Ufunguo huo ni mmoja tu hapa kwetu Korogwe. Anayeutungua huurudisha.

Mara basi la Handeni likapiga honi. Mwantumu alikuwa anasafiri kwenda kwa dada yake kule, aliyejifungua mapacha.

"Mwantumu! Toka sasa hivi, linakuacha!" nikapiga kelele.

Akatoka mbio, akabana kufuli, akaenda. Ufunguo umo kwenye pindo la kanga yake.

Mjukuu wangu Shamimu, anayesoma chuo Dar es Salaam, alikuwa mezani na kompyuta ya kuazima, macho mekundu. Jumatatu angemwonyesha mwalimu kazi yake, programu ya kompyuta. Ikiganda tena, anarudia mwaka.

"Inagandaje?" nikamuuliza.

"Naiandika kwa lugha inaitwa Lisp, Bibi. Ndani yake kazi nyingi zinakwenda pamoja, kila moja tunaiita uzi. Uzi ukichelewa nauua. Nikiua mmoja, nyingine zinasimama, sijui zinangoja nini."

"Sisi tunangoja uji, na unga umefungiwa."

"Nani kaufungia?"

"Mimi. Nimemfukuza Mwantumu na ufunguo."

Akacheka, kisha akaigeukia kompyuta ghafla. "Bibi! Ule uzi ninaouua umeshika ufunguo ambao nyingine zinaungoja! Wewe ungefanyaje?"

"Ningemwambia namhitaji, nikangoja. Atundike ufunguo, ndipo aje."

"Asiposikia?"

"Kila akifika mlangoni asikilize kama anaitwa."

"Na akianguka humo ndani?"

"Anayemtoa atundike kwa niaba yake. Maswali gani haya na njaa?"

Jirani yetu Sipora, aliyesikia kelele zangu zote, alileta unga na kibuyu cha maziwa. Shamimu alikunywa uji kwa mkono mmoja, mwingine unaandika. Jioni, akiisha kuirekebisha kama nilivyosema, alisimamisha nyuzi zake mara mia. Mimi nilihesabu kwa punje za maharage. Programu haikuganda hata mara moja.

Kesho yake Mwantumu alirudi, akatundika ufunguo kabla hata ya kuvua viatu.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba. Nisamehe wewe, mimi ndiye niliyekuita vibaya."

Wiki iliyofuata barua ya Shamimu ilikuja kwa basi: amefaulu. Nilimjibu kwa mwandiko wangu wa polepole: "Hongera mwanangu. Ufunguo upo msumarini. Uje tena kututembelea, hata kama hakuna kilichoganda."