Maurice na Fito za Njegere

Haya niliambiwa na Kaltum, yule anayeuza mbegu pale Uriri, juzi siku ya soko, mvua ilipotuzuia dukani kwake.

Teresa alinunua njegere kwake, akazipanda nyuma ya jikoni. Zikaota vizuri, kisha zikaanza kulala chini, maana njegere hutaka kitu cha kushikilia. Akamwambia mume wake, Maurice, akate fito.

"Nitakata, Mama Valary. Wacha kwanza nione zinahitajika ngapi."

Maurice akaleta kiti, akaketi katikati ya mistari, akahesabu mpaka usingizi ukamchukua. Njegere hazikumngoja. Asubuhi vikono vyake vilikuwa vimemshika miguu, na mwezi haujaisha alikuwa amefunikwa mpaka masikioni, maua meupe kichwani. Teresa alijaribu kumtoa, mashina yakaanza kukatika, akaacha.

"Unaumia, Baba Valary?"

"Hapana. Ni kama kukumbatiwa."

"Basi usicheke. Ukicheka maua yanaanguka."

Uji alinywa kwa mrija. Alipiga chafya mara moja tu, na siku hiyo walikula njegere changa.

Sasa kikundi cha wakulima kilikuwa kimeahidi tangi la maji kwa bustani itakayoshinda. Teresa alilitaka tangi hilo kuliko kitu chochote, maana mto uko bondeni na shingo yake ilikuwa imechoka na ndoo. Mwenyekiti, Chrispine, akaja kukagua.

"Mwenye boma yuko?"

"Yuko hapo kwenye njegere."

Chrispine akapekua majani, akapata mkono, akausalimu. Akauliza siri ya mazao haya.

"Ni uvumilivu," Maurice akasema. "Mtu lazima akae na mimea yake."

"Na mama anasaidia?"

"Anajaribu."

"Mimi ndiye nilipanda," Teresa akasema. "Nikapalilia. Maji nimebeba kwa hiki kichwa."

"Tunashukuru sana, mama. Hata chai ilikuwa tamu."

Tangi likaletwa, jina la Maurice limeandikwa kwa rangi nyekundu. Lilibaki kufungiwa gata tu ili lipate maji ya paa, na Maurice akasema hiyo ni kazi yake, mtu asiiguse.

Njegere zikavunwa, mashina yakakauka, yakamwachia. Maurice akasimama, akajinyoosha, akaketi tena. Akasema msimu mwingine u karibu, na si vizuri ufito uzoee kutembea.

Jioni hiyo upepo ulianza kulisukuma tangi, kwa vile lilikuwa tupu. Teresa akashuka mtoni na ndoo, akarudi akalimiminia maji, akashuka tena, mpaka likatulia.

"Mimina polepole, Nyar Kegonga," Maurice akasema kutoka kitini, akimwita mkewe kwa jina la kwao. "Nasinzia."

Teresa akamimina ndoo ya mwisho polepole. Maurice alikuwa ameanza kukoroma. Teresa akanawa miguu kwa maji yaliyobaki chini ya ndoo, akaingia ndani, akalala.