Mbawakawa wa Droo ya Kumi na Saba

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi mfagiaji wa makumbusho, ambaye wenzake humwita Waraka kwa wingi wa barua zake, aliweka ndoo chini na kuvuta droo ya kumi na saba. Mbawakawa walikuwa wameshahama tena.

Walikuwa mia mbili na kumi na wawili, wote wafu, wote aliwaokota yeye kwenye magogo miaka kumi na tisa iliyopita. Mkurugenzi aliwagawa katika spishi mbili: wenye pembe akawapa jina lake, wasio na pembe jina la mama mkwe wake. Lebo zikasema: Mkusanyaji hajulikani.

"Bosi, hawa ni waume na wake zao," Waraka alisema siku ileile.

Akaambiwa afagie. Tangu hapo ameandika barua arobaini na moja, akidai wanandoa waunganishwe na jina lake litiwe kwenye lebo. Anazikumbuka zote kwa tarehe, kipaji ambacho hakijamfaa yeyote.

Wiki hii wafu walikuwa wakichomoa pini kila asubuhi, wakivuka ubao wa kati uliotenga spishi hizo mbili na kujipanga wawili wawili. Waraka aliwarudisha, maana ndiyo kazi yake, akiwaomba radhi mmoja mmoja.

"Hao waliitisha kikao?" aliuliza mlinzi, kaka wa mkewe, akichungulia.

"Wala."

"Na mgomo ule wa chama cha wafanyakazi uliouitisha wewe, walikuja wangapi vile?"

"Watatu."

"Mmoja mimi, shemeji. Nilidhani kuna chai."

Ijumaa mkurugenzi alikuja, akawatazama wakivuka ubao, akatazama saa yake. "Inaelekea ni spishi moja," alisema. "Nimegundua."

Kwa kanuni za kutaja spishi, jina lililotolewa kwanza ndilo hudumu, nalo lilikuwa lake. Mama mkwe alinuna. Lebo mpya zikachapishwa, Waraka akapewa azichome pini: Mkusanyaji hajulikani, mara mia mbili na kumi na mbili. Alizinyoosha vizuri.

"Na mimi je, ndugu zangu?" aliwauliza.

Hawakutikisika. Walishapata chao, na mwanachama akishapata chake hagomi tena. Hilo Waraka alilijua kabla hawajafa. Akafunga droo, akaandika barua ya arobaini na mbili, akatia majina yake yote matatu kwa herufi kubwa, kisha akafagia.