Joto la Blessing

Saa moja kasoro asubuhi, wiki ya pili ya masika, Ruthi alimpa binti yake sketi ya shule ambayo ilikuwa bado mbichi. Blessing aliivaa hivyo hivyo. Alipomaliza kufunga kamba za viatu, sketi ilikuwa imekauka na marinda yamenyooka kama yaliyopigwa pasi.

"Wewe mtoto una joto," Ruthi alisema, akammiminia chai.

Pale Pongwe hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Mvua ilikuwa ya siku ya tisa mfululizo, na jirani yao Asmahani, aliyekuwa na mtoto mchanga, akaanza kuleta nepi. Jioni Blessing aliketi kwenye kigoda akifanya hesabu za kidato cha tatu, nepi zimetandazwa mabegani, mvuke ukipanda taratibu hadi kwenye bati.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Kila Jumamosi alicheza mpira wa miguu na wasichana wenzake, kwa kujifurahisha tu. Hawakuwa wakigombea kombe lolote. Alitaka tu awe mwepesi zaidi. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amenunua kopo la vidonge vya manjano katika duka la Mzee Qusai, mjini Tanga.

"Ni dawa hii?" Ruthi aliuliza alipoliona.

"Siyo dawa, mama. Ni lishe ya wanamichezo. Soma hapo."

Ruthi alisoma. Kulikuwa na picha ya mwanamke anayekimbia na maneno "asili kabisa". Akalirudisha kabatini.

Baridi ya Juni ilipoingia, magoti ya Ruthi, yaliyochoka tangu enzi zake za kukata mkonge, yakaanza kumsumbua. Alikuwa akiweka miguu kwenye mapaja ya binti yake na maumivu yanatulia.

"Usiviache hivyo vidonge," alimwambia siku moja.

Wakacheka wote wawili. Tangu mchana Blessing alikuwa amemaliza ndoo ya maji, na bado alikuwa na kiu.

Jumamosi iliyofuata, kipindi cha pili, aliketi chini katikati ya uwanja. Nyasi zikakauka duara kumzunguka. Wenzake walivua jezi, wakazifunga viganjani, ndipo wakaweza kumbeba. Hospitalini barafu iliyeyuka kabla ya kumgusa. Kipimajoto kikapasuka, muuguzi akafagia vipande, akaleta kingine.

"Mama, niwashie feni," Blessing alisema.

Feni ilikuwa ikizunguka tangu walipoingia.

"Nimeiwasha, mwanangu."

Alifariki saa kumi na moja jioni.

Walimzika makaburi ya Kilutheri. Waliofukia walipokezana, kwa sababu mabeleshi yalikuwa yakiwaunguza. Udongo haukupoa, wala majani hayakuota.

Baada ya wiki tatu daktari alimpa Ruthi karatasi ya maabara. Ndani ya vidonge kulikuwa na kemikali ambayo haikuandikwa kwenye kopo, isiyotakiwa kuingia mwilini mwa mtu. Ruthi aliipeleka ofisi ya vyakula, wakamwambia hiyo ni dawa, aende kwa watu wa dawa. Watu wa dawa waliisoma, wakamwambia hicho ni chakula.

Akaenda dukani. Mzee Qusai alimpa kiti, akaisoma karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Pole sana, mama. Sisi tunaletewa makopo yamefungwa. Na hakuna aliyekuja kutuambia tuyaondoe."

"Nilimwambia asiviache," Ruthi alisema. "Mimi mwenyewe nilimwambia."

Mzee aliikunja karatasi, akamrudishia. Akaingia msichana mwenye jezi ya bluu, jasho likimtiririka shingoni, akaomba kopo lile lile. Mzee alimtazama Ruthi, kisha akalishusha.

"Mwanangu, usimeze hivyo," Ruthi alisema. "Vimemuua binti yangu."

Msichana akainama kidogo. "Shikamoo, mama. Pole sana." Akafungua pochi. "Lakini mimi nameza kimoja tu kwa siku."

Akalipa, akaaga, akatoka.

Rafuni pakabaki pengo. Mzee Qusai alichukua kopo jingine kwenye boksi, akaegemeza ngazi, akaanza kupanda. Ngazi ikayumba. Ruthi akainuka kwenye kiti, akaishika kwa mikono miwili mpaka mzee alipomaliza, kwa sababu angeweza kuanguka.