Sikio la Kushoto

Nilingoja miaka kumi na tisa, na siku yenyewe ilipofika nilivaa gauni jekundu. Sikutaka mtu aje kusema hakuniona.

Bosi wangu watu wote wanamwita Bingwa, mpaka magazetini. Eti mchongaji wa mwisho anayeweza kuligeuza jiwe likawa ngozi. Uongo mtupu. Bingwa alijua kuvaa suti, kupokea wageni na kupigwa picha. Kuchonga nilichonga mimi, kwenye karakana nyuma ya nyumba yake, kichwa nimekifunga kitambaa kwa ajili ya vumbi, nikikohoa unga wa marumaru kutwa nzima.

"Vumilia, binti," aliniambia mwaka wa kwanza. "Ukikomaa, jina lako litakaa pembeni ya langu."

Nikamwamini. Nilikuwa mjinga, sifichi.

Kisha mama yangu akafa. Uani kulikuwa na jiwe lililotupwa kwa sababu ya ufa, nikamchonga mama humo, ameketi, mikono magotini, kichwa kimeinama kidogo kama alivyozoea kumsikiliza mtu. Ile haikuwa kazi ya mteja. Ilikuwa yangu, niipeleke nyumbani kwetu. Asubuhi moja nikaikuta imeandikwa jina la Bingwa kwenye kitako, herufi zimepinda. Alilichonga mwenyewe. Katika miaka yote ile, hicho ndicho kitu pekee nilichoona amekichonga kwa mkono wake.

Nilipolalamika, alicheka. "Nani atanunua mama wa mtu asiyejulikana?"

Donge lile halijanitoka mpaka leo.

Sikuondoka. Kuondoka kungekuwa kumwachia kila kitu. Nilikaa, nikajikaza, nikatafuta kioo kidogo nikakitundika juu ya meza ya kazi. Sikio langu la kushoto lina pengo kwenye ukingo wa juu, dogo kama punje ya mchele. Dada yangu aliling'ata tukiwa wadogo, tukigombania mdoli. Tangu siku niliyokitundika kioo kile, kila sanamu iliyotoka mikononi mwangu, awe jaji, awe bibi harusi, awe mwanariadha, ilibeba sikio hilo.

Mara moja tu Bingwa aliliona. "Hapa patasi imeteleza?"

"Niichonge upya?"

"Achana nayo. Nani anatazama masikio?"

Kweli, yeye hakuyatazama tena. Zikafika sanamu kumi na sita.

Mwaka huu jumba la sanaa likaandaa maonyesho ya kazi zake zote, naye akaniagiza nimchonge yeye mwenyewe, kichwa na mabega, awekwe katikati ya ukumbi. Nilimpamba, Mungu anisamehe. Nilimpunguza kidevu, nikamwongezea nywele. Akajiangalia akafurahi kama mtoto. Sikio la kushoto nililiweka mwisho.

Siku ya ufunguzi mama yake Bingwa aliletwa. Macho yake yamefifia, anaona kwa vidole. Nilikuwa nimempelekea chai mara nyingi nikamwona akipapasa nyuso za wajukuu zake, kwa hiyo nilijua atafanya nini. Bingwa akamshika mkono mpaka kwenye sanamu, kamera zote zikageuka. Mama akapapasa paji la uso, pua, midomo. Akafika kwenye sikio. Akarudia.

"Hili si sikio la mwanangu," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasogea mbele yake, nikavua kitambaa cha kichwani mbele ya watu wote, nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye sikio langu.

"Je, hili, mama?"

Vidole vyake vikatulia penye pengo. "Ndilo," akasema. "Ndilo hili hili."

"Basi twende kwa jaji, mama. Kisha kwa bibi harusi."

Tukazunguka ukumbi mzima, yeye akipapasa, wapiga picha nyuma yetu. Tulipofika sanamu ya tano hakuna aliyekuwa akicheka. Bingwa alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Binti, haya tutayazungumza nyumbani." Jasho lilikuwa limemlowesha kola, na sikuwahi kuona kitu kilichonipendeza kama kola ile.

Mwisho tukafika kwenye sanamu ya mama yangu. "Huyu sikio lake zima," mama yake Bingwa akasema.

"Huyu ni mama yangu. Nimemchonga kwa sikio lake mwenyewe. Kitako chake kina jina la mwanao."

Akamgeukia mwanawe. "Lifute."

"Mama, mbele ya watu..."

"Nimesema lifute."

Nikatoa patasi na nyundo mkobani, nikampa Bingwa. Akapiga magoti na suti yake, akaanza kugonga. Herufi ya kwanza ilipopasuka, vumbi likamwingia kooni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Nikamtupia kitambaa changu begani.

"Jifunge kichwa, Bingwa," nikamwambia. "Bado herufi tano."