Aproni Iliyokataa Kushuka Kifuani pa Mama

Ndoto yenyewe niliiota jana, usiku wa kuamkia siku ya mama kupigwa picha ya kifua.

Kazi yangu ni kupiga wagonjwa picha za mionzi. Mama yangu, Bi Twilumba, alikuwa amekohoa miezi minne, na mimi nilikuwa nimeiahirisha picha yake mara tatu. Mara umeme, mara foleni.

Katika ndoto, mama amelala kwenye kitanda cha mashine ya sitiskani, lile duara kubwa lenye tundu. Amevaa kanga na viatu vya shambani. Aproni ya risasi, ile nzito tunayojikinga nayo na mionzi, inateremka yenyewe kutoka kwenye msumari, inavuka chumba, inamlalia mama kifuani.

"Shuka," naiambia. "Hapo ndipo tunapopiga picha."

"Sishuki. Kazi yangu ni kulinda."

"Acha nijaribu hivyo hivyo," inasema mashine, kisha inazunguka.

Kwenye kioo mapafu ya mama yanatokea na michirizi kama pundamilia. Ndani ya pafu la kushoto kuna ofisi ya posta.

"Mama ana posta?"

"Hana," inajibu mashine. "Nikizibwa macho huwa nabuni. Samahani."

"Basi ongeza mionzi."

"Nitamchoma bure. Aproni ikishuka, mionzi kidogo tu itanitosha."

Aproni inanigeukia. "Nilidhani umenituma wewe," inasema.

Mama anaipapasa mgongoni, kama mtoto anayebembelezwa.

"Umefanya kazi, ahsante. Nenda kapumzike. Lugano, niondolee."

Naibeba. Leo ni nzito kuliko siku zote, na inalia.

Nikigeuka, tuko Lupembe, kwenye shamba la chai alikochuma mama miaka thelathini. Mashine imesimama kati ya matuta, inasubiri.

"Vuta pumzi, Mama," nasema, kama ninavyomwambia kila mgonjwa. "Ishike. Usisogee."

Upepo nao unaacha kusogea. Chai inaacha kuota.

Mama anavuta pumzi, anaishika kwa vidole viwili kama anavyochuma jani changa, ananinyooshea.

"Nishikie, mwanangu. Mikono yangu inatetemeka."

Ni ya uvuguvugu, inapigapiga kama kifaranga. Nafumba ngumi. Kitanda kinaingia kwenye duara taratibu. Naogopa kubana sana, naogopa kulegeza.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Ngumi yangu ya kulia ilikuwa imefumbwa, vidole vimekufa ganzi. Nikaifungua kidole kimoja kimoja.

Chumba cha pili, mama akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka majini.

"We Lugano," akaita, "mbona umekawia kuiachia?"