Aliyetengeneza Toroli

Munira alikuwa ameshika kamba za kufungia roboti, Mwalimu Isack aliposoma majina sita ya wanaokwenda kwenye mashindano Mikocheni. Lake halikuwamo. Nafasi yake alipewa Jamali, ambaye mwezi mzima kazi yake ilikuwa kupiga picha.

"Mwalimu, mie umenisahau?"

"Sijakusahau. Wanaokwenda ni timu ya roboti. Wewe umetengeneza toroli tu. Hiyo kazi ya fundi."

Damu ilimpanda kichwani. Mwaka jana wavulana waliibeba roboti mikononi, ikawaponyoka kwenye ngazi, ikavunjika kabla haijashindana. Ndipo yeye akajitolea kutengeneza toroli la kuibebea. Wiki tatu, kila akitoka darasani, alishinda kwenye karakana ya Fundi Mashaka pale Kibamba akikata vyuma na kujifunza kuchomelea, mpaka cheche zikamuunguza mkono. Magurudumu aliyang'oa kwenye kitanda kibovu cha hospitali alichokikuta kwa wauza vyuma chakavu. Juu alitandika mpira wa tairi ili roboti isitikisike. Leo anaambiwa kazi ya fundi, kana kwamba ufundi ni tusi.

Hakulia. Aliwaambia wenzake waitoe roboti kwenye toroli, waishushe sakafuni. Wakaishusha, wakidhani kuna kitu anarekebisha. Munira akafunga breki za magurudumu, akapanda kwenye toroli, akakaa.

"Shuka, gari linasubiri," Mwalimu akasema.

"Nikishuka naondoka na toroli langu. Nyie ibebeni mikononi, kama mwaka jana."

Aliyecheka ni Jamali peke yake. Wengine waliitazama roboti, kilo zote zile, wakainamisha vichwa. Nje dereva akapiga honi. Mwalimu akatishia kumwita mama yake.

"Mwite. Na mie nina ya kumwambia."

Honi ikalia tena. Mwalimu akatoa kalamu, akalikata jina la Jamali, akaandika la Munira kwa hati mbaya ya hasira.

Mikocheni, uwanja wa kuingilia ukumbini ulikuwa kokoto tupu. Toroli lilipita bila kuyumba. Mwenyeji mmoja akalisifia.

"Vijana wangu wamelibuni," Mwalimu akajibu akitabasamu.

"Nimelibuni mie," Munira akasema, bila kumtazama.

Roboti yao ilishika nafasi ya nne. Wenzake walikumbatiana, wakamvuta naye katikati yao. Mwalimu aliponyoosha mkono kumpongeza, Munira alikuwa ameshainama kufunga kamba, na hakuinuka.